Mkanda Uliofunga Kishikio

Uligeuza macho. Usinieleze habari za mvua, wala za kioo kilichofunikwa na pumzi za watu. Uliketi katika behewa la mbele, ubao wa pili nyuma ya chumba cha mashinisti, mwendesha treni, na kioo kati yako na yeye kilikuwa safi kiasi cha kuhesabu vifungo vya koti lake. Uliuona mkanda. Uliuona asubuhi ile, ulikuwa umeuona tangu mwezi wa saba, na kila mara ulitazama mlima kama muntu anayetafuta mbuzi wake. Sasa shemeji yangu Floribert, aliyekuendesha miaka miwili bila kukukwaruza ukucha, amefungiwa Walikale. Alhamisi watamhukumu kwa kumuua mama yangu. Na wewe uko kwako unachambua maharagwe.

Mimi siwezi kuketi. Tangu siku ile nimetembea kutoka Nyabiondo mpaka Walikale na kurudi, nimegonga milango, nimekunywa maji ya watu wimawima. Nitasema yote kwa mpango, kwa sababu kule tribinali, mahakamani, wanasema watu wa hapa hawana mpango wa kukumbuka.

Nakumbuka mwaka wa 1943, serikali ilipowatuma wanaume katika pori la Walikale kugema utomvu wa mpira kwa ajili ya vita. Baba alirudi na kidonda cha mguu, akafa nacho. Nakumbuka 1951, Kampuni ya madini ilipopiga vigingi vyeupe katika shamba la mama, pale mlimani Nyabiondo. Walisema: ni njia ya treni tu, nyembamba. Nyembamba hiyo ilimeza maharagwe, ikameza mihogo, ikaacha kokoto. Wakampa shamba lingine chini kabisa, ng'ambo ya jiwe la mpaka wa Masisi na Walikale, mwendo wa saa mbili na nusu kwa mguu. Mama yangu, Pétronille, akaanza kushuka kila asubuhi na kupanda kila jioni na mzigo mgongoni, huku reli ikimfuata pembeni kama muntu anayemcheka.

Treni yenyewe ilifika 1954, vipande vipande juu ya makamyo. Mimi niliajiriwa katika atelye, karakana ya Kampuni, kwa hiyo najua tumbo lake. Sitadanganya: niliipenda. Haikuwa na moto, haikuwa na moshi, haikuwa na kichwa cha kuvuta. Waliweka turbini kwenye maporomoko, wakapitisha waya juu ya reli, na juu ya paa kulikuwa na mkono wa chuma uliopapasa ule waya njia nzima. Motori zilikuwa chini ya sakafu, chini ya miguu yako. Mabehewa mawili yaliyoungana, chumba cha kuendeshea kila ncha, ili ikifika mwisho isigeuzwe: mashinisti anang'oa kishikio chake, anatembea mpaka upande wa pili, nyuma inakuwa mbele. Milango ilifunguka yenyewe kwa nguvu ya hewa, fyuu, yote pamoja. Watu mia moja na ishirini kutoka kambi ya Nyabiondo mpaka mgodini kwa dakika thelathini na nane. Hakuna kusimama njiani.

Muzungu wa umeme tulimwita Bwana Dakika, kwa sababu alipima kila kitu kwa saa yake, hata kikohozi. Siku ya kwanza alitukusanya akatuonyesha kishikio. Mashinisti lazima akishike chini muda wote, alisema. Akikiachia, akizimia, akilala, umeme unakatika na breki zinabana zenyewe.

"Mashinisti anaweza kufa," alisema, "treni nasimama. Ninyi hapana ogopa."

Papa Sebarenzi wa Muheto, yule mzee wa shoka, mkata magogo, asiyejua kunyamaza, aliuliza kutoka nyuma: "Na siye tukifia mu mugodi, Bwana, nini itasimama?"

Wewe ulicheka. Nilikuwa kando yako.

Floribert alikuwa amejifunza kazi Katanga, kule walikoanza treni za umeme kabla yetu. Kijana mpole, mikono mirefu. Mwaka uliofuata alimuoa dada yangu Agathe, na njo hapo mama yangu akawa mama-mkwe wake. Unajua adabu yetu. Mume akikutana na mama wa mke wake anaweka chini alichoshika, jembe, fimbo, hata mtoto, anainua viganja viwili vitupu, anatazama ardhi mpaka mama apite. Muntu anayemsalimia mama-mkwe huku ameshika kitu anamwambia kwamba kile kitu ni kikubwa kuliko yeye.

Jumatatu ya kwanza baada ya arusi, treni ikishuka kwenye kona ya tatu, mama alikuwa pembeni ya reli na kikapu. Floribert alimwona. Mikono yake miwili ikapanda juu, macho yake yakashuka. Na treni, kama Bwana Dakika alivyoahidi, ikabana breki. Watu mia na ishirini walimwagika mbele kama viazi. Sebarenzi akatua juu ya mapaja ya kapita, msimamizi wetu.

"Kuna nini? Kuna nini?" kapita akapiga kelele.

"Hakuna kitu," Sebarenzi alimjibu, bado amemkalia. "Treni iko nasalimia mukwe wake. Iko na adabu kukupita."

Milango ikafunguka, kwa sababu ikisimama Floribert huifungua. Mama alisimama nje amechanganyikiwa, na wale wa mlangoni wakamwambia: "Mama, panda basi! Imekusimamia wewe, utaiacha iende bure?"

Akapanda, lakini akauliza kwanza, na swali lake lilizunguka kambi nzima wiki ile: "Hii kitu, mugongo yake iko fasi gani?" Maana hakuweza kuketi karibu na mkwe wake, na kitu chenyewe kilikuwa na vichwa viwili. Walimwonyesha behewa la nyuma. Jioni, wakati wa kurudi, nyuma ilikuwa imekuwa mbele, naye karibu aketi kisogoni kwa Floribert. Watu wakamhamisha mbio, wakicheka mpaka machozi, na Floribert ameinama ndani ya chumba chake kama muntu aliyeangusha sindano.

Wamama wengine hawakuchelewa kuelewa. Kwetu dada za mama-mkwe ni mama-mkwe, na marafiki zake waliokula arusi pamoja naye ni mama-mkwe vilevile. Kabla mwezi haujaisha kila mwanamke wa Nyabiondo mwenye mvi tatu alikuwa anasimama kwenye kona na kikapu chake, na Floribert hakuwa na njia ya kumkatalia hata mmoja.

"Floribert," Sebarenzi alimwambia kupitia kioo, "siye wote tulifikiri umeoa Agathe. Kumbe umeoa mulima muzima."

Lakini tazama kilichotokea. Kampuni ilichora njia bila kituo hata kimoja kwa ajili ya wale iliowanyang'anya mashamba, na heshima ya mashinisti mmoja ikaweka vituo saba. Wamama walifika shambani wana nguvu. Maharagwe yalifika kambini yangali mabichi, na wewe uliyala. Mchoro ule ulikuwa mzuri, nasema tena, mkosaji si chuma. Ulikosa kitu kimoja tu, kuuliza nani anatembea kando ya reli.

Dakika thelathini na nane zikawa hamsini na moja. Mwezi wa saba mwaka huu wa 1956 Bwana Dakika alipanda mwenyewe, saa mkononi. Kona ya tatu, breki. Kona ya tano, breki. Akaingia chumbani kwa Floribert, na wewe ulisikia, kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

"Floribert, wewe nasalimia na kichwa tu."

"Bwana, kichwa si mikono."

"Basi hapana salimia."

"Bwana, huyu ni mama wa muke wangu. Nikipita bila kumusalimia, jioni nitarudi nyumba gani?"

Bwana Dakika alitoka. Alikuja atelye akaniambia: "Hubert, kata ngozi. Kipande cha mukanda wa mashini ya zamani, urefu wa mukono." Nilikata. Nilitoboa matundu mawili, nikatia kifungo cha chuma. Sikuuliza. Jioni niliuona mkanda wangu umezungushwa kwenye kishikio, umekibana chini, na nikajua mikono yangu imefanya nini. Floribert alikataa kuendesha siku mbili. Siku ya tatu jina la muntu mwingine liliandikwa juu ya ubao wa kazi, na nyumba za kambi zinafuata kazi. Agathe alikuwa na mimba ya miezi sita. Floribert akarudi.

"Shemeji, uifungue ukiwa njiani," nilimwambia.

"Kapita anaketi nyuma yangu na macho mawili, shemeji. Nifungue na nini?"

Tangu hapo alikuwa na mikono huru, na njo ubaya ulipoanzia. Alimsalimia kila mama kwenye kila kona, viganja juu, macho chini, kama inavyopasa, na treni ikampita yule mama bila kupunguza mwendo. Wamama walisimama na vikapu wakitazama heshima ikikimbia. Agathe alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia treni haitasimama tena. Wakarudi kwenye njia ya miguu.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumatatu, mkaguzi alikuja kutoka Bukavu. Alfajiri Bwana Dakika aliufungua mkanda mwenyewe, akautia katika sanduku la vifaa. Kona ya tatu mama alikuwepo. Floribert alimsalimia, na treni, isiyofungwa, ikasimama. Milango, fyuu. Mkaguzi akatabasamu, akasema breki ni nzuri sana. Mama akapanda. Jioni ile alituambia, akimenya mihogo, kwamba treni imerudisha adabu yake. Agathe alimwambia angoje kidogo aone. Mama alisema: "Nimeona. Nimeketi ndani yake."

Jumanne mkanda ukarudi. Nani alimwambia mama? Hakuna. Mimi nilikuwa atelye, mikono imejaa grisi. Wewe uliketi ubao wa pili, ukaona Bwana Dakika anaufunga tena, akakaza tundu la pili, akashuka.

Mvua ilikuwa imemeza njia ya miguu, kwa hiyo mama alitembea juu ya reli, akavuka daraja la magogo karibu na jiwe la mpaka. Alisikia honi. Muntu mwingine angeruka. Yeye alikuwa mama-mkwe wa mashinisti, na jana yake tu treni ilikuwa imemsimamia mbele ya muzungu wa Bukavu. Aligeuka taratibu, akaweka kikapu chini, akajinyoosha kitenge, akangoja asalimiwe.

Na Floribert akamsalimia.

Hakuna aliyeiamuru mikono ile. Ilipanda kama inavyopanda kila siku, miaka yote ya kulelewa kwake iliipandisha, na macho yake yakatazama sakafu. Kishikio kilibaki chini peke yake, kimefungwa, kinaendesha. Mikono ilipokumbuka breki ilikuwa imechelewa pumzi moja. Pumzi moja, ndugu yangu. Bila ngozi ile, salamu yenyewe ingekuwa breki.

Unajua yaliyofuata, lakini tribinali haijui. Floribert aliruka chini, akasimama hatua tatu kutoka kwa mama, kwa sababu hata pale hakuwa na ruhusa ya kumgusa. Sebarenzi njo alimfunika kwa koti lake. Wewe ulisaidia kumbeba, ulishika upande wa miguu, na kwa hilo nakushukuru mpaka leo. Bwana Dakika alifika juu ya toroli ya reli. Hakuuliza nani amekufa. Aliingia kwanza chumbani, akatoka na mkono mfukoni, na ncha ya ngozi ilikuwa inaning'inia nje ya mfuko. Ulikuwa umesimama karibu naye kuliko muntu yeyote.

Isidore, karani wa Kampuni, ndiye aliyeandika karatasi iliyopelekwa tribinali. Anasali kanisa moja nasi, kwa hiyo nilimngoja mlangoni.

"Isidore, kaka, uliandika nini?"

"Niliandika kile niliambiwa."

"Niambie."

Alitazama viatu vyake. "Niliandika mashinisti alifunga kishikio yeye mwenyewe, kwa uvivu, apumuzishe mikono."

"Na macho yako iliona nini?"

"Macho yangu haina fasi ku ile karatasi, Hubert."

Nilimshika kola. Watu walitutenganisha. Sijutii kola, najuta kwamba niliiachia mapema. Lakini Isidore, na shati limechanika, alinifuata njiani akaniambia jambo moja la haki. Kwa kuwa kifo kilitokea ng'ambo ya jiwe la mpaka, kesi iko Walikale. Na hakimu hatapokea neno langu wala la Agathe, kwa sababu sisi ni jamaa ya aliyekufa na ya anayeshitakiwa pia. Anataka watu watatu waliokuwa ndani ya behewa la mbele, wasio na undugu nasi. Watatu. Wawili atawaita walevi waliopanga maneno. Watatu ataandika. Bila hao Floribert atapata miaka kumi, na mtoto wa Agathe atazaliwa bila nyumba, kwa maana kambi imeshampa siku za kuhama.

Nilikwenda Muheto kwa Sebarenzi. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana mzaha.

"Kaka Hubert, mimi niko muzee. Wakinitoa mu kambi, nitalima wapi? Na weye unajua vile wanatuita siye wa Muheto: wageni."

"Papa, uliweka koti yako juu ya mama yangu."

Aligeuza kibuyu chake mkononi. "Andika jina langu," alisema. "Lakini sitasema peke yangu, hapana. Niko mukubwa wa mudomo, si mukubwa wa shingo."

Kanyamibwa, aliyeketi bega kwa bega nawe, nilimkuta anafunga mlango. Niliweka mguu kizingitini.

"Nitakwenda," alisema kupitia ufa, "kama yule wa kando yangu atakwenda. Yeye njo aliona kila kitu. Nitasema nini yeye akisema hakuna mukanda?"

Basi umesikia. Mmoja anangoja wa pili, wa pili anangoja wewe. Mimi mwenyewe nitasimama nje ya ile nyumba na kusema kwa sauti kwamba ngozi niliikata mimi, kwa amri ya nani, urefu gani, matundu mangapi. Wakinifunga, wanifunge. Lakini neno langu halihesabiwi, na lako linahesabiwa.

Usiniambie utanyang'anywa nyumba ya Kampuni. Jana mashinisti mpya ameanza, nami nilichungulia dirishani. Kuna mkanda mwingine kwenye kishikio, ngozi mpya, kifungo cha shaba. Mvua haijaisha, wamama bado wanatembea juu ya reli, na mama yako mwenyewe ana shamba kule chini.

Leo ni Jumanne. Kamyo ya Walikale inaondoka sokoni Nyabiondo saa sita, na saa tano imeshapita. Sebarenzi ameshaketi juu ya magunia. Kanyamibwa amesimama chini, mguu mmoja kwenye gurudumu, anatazama njia ya kwako. Acha hayo maharagwe. Ukifika mbele ya hakimu taja jina lako kwanza, kisha useme nani alifunga mkanda, mwezi gani, na nani aliutia mfukoni. Usimngoje mkeo, usinijibu, usifunge mlango. Toka. Njoo sasa.